Roma, Praha au Lisbon: mji upi wa kupunga upepo wawili jioni?

Kwetu Tanga, mke na mume wakitoka baada ya magharibi kwenda kupunga upepo Raskazone, hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Hawaendi popote. Wanatembea, wanazungumza, wakichoka wanakaa kuitazama bahari, kisha wanarudi nyumbani. Mimi na mume wangu tulipohamia Ulaya tuliibeba desturi hiyo pamoja na kanga na mbuzi ya kukunia nazi. Kila mji tunaofika, jambo la kwanza tunalotafuta ni njia ya jioni.

Ndiyo maana ndugu na marafiki wanaopanga safari hutuuliza swali lile lile: tuna siku chache, tuchague Roma ya Italia, Praha ya Ucheki au Lisbon ya Ureno? Kwa upande wa makaratasi hakuna tofauti. Yote mitatu imo ndani ya Schengen, viza moja inatosha, na ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima. Tofauti iko kwenye miguu, kwenye mfuko, na zaidi ya yote kwenye namna mji unavyowaachia nafasi watu wawili wazungumze. Hicho cha mwisho ndicho ninachokipa uzito mkubwa, na nasema mapema ili mjue ninapima kwa mizani gani.

Vipimo na njia tatu

Nimetumia vipimo vitano: njia yenyewe na ugumu wake, saa ya machweo, wingi wa watu, chakula na fedha, na mwisho mazungumzo, yaani vitu vya kuwapa maneno na mahali pa kuyasemea. Kila mji nimeuchukulia njia moja ya kama kilomita 2 hadi 3, ambayo wawili wanaitembea taratibu kwa saa mbili wakisimama wapendapo.

Roma: mnaanzia Piazza di Spagna, mnapita Fontana di Trevi, Pantheon na Piazza Navona, mnaishia Ponte Sant'Angelo, daraja la malaika juu ya mto Tiber.

Praha: mnapanda tramu namba 22 hadi juu kwenye ngome ya wafalme, mnavuka viwanja vyake, mnashuka mtaa wa Nerudova, mnavuka daraja la Karlův most, mnaishia uwanja wa Staré Město. Jina hilo maana yake ni Mji Mkongwe, na mtu wa Unguja atajisikia nyumbani kabla hajaliona.

Lisbon: mnaanzia juu, Miradouro da Senhora do Monte, mnashuka kwa Graça na Portas do Sol, mnapotea kidogo ndani ya mtaa wa kale wa Alfama, mnatokea kwenye kanisa kuu la Sé, kisha mnateremka mpaka Praça do Comércio ambapo ngazi za mawe zinaingia ndani ya maji ya mto Tejo.

Njia na miguu

Roma ndiyo rahisi. Njia hii karibu yote ni tambarare, na kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mwendo wa dakika kumi au pungufu. Tatizo ni mawe meusi waliyotandikia barabara, sampietrini, ambayo kwa miaka yamepanda na kushuka kama mawimbi. Kiatu chenye kisigino chembamba kinanasa katikati yake. Kingine cha kujua: zile ngazi 135 za Piazza di Spagna haziruhusiwi kukaliwa tangu mwaka 2019, na faini inafika euro 250. Tulimwona kijana na mchumba wake wakiinuliwa kwa filimbi ya askari, na nikawaonea huruma kwa sababu hata sisi tulikuwa tunatafuta pa kukaa.

Praha inategemea mnaanzia wapi. Ukiipanda Nerudova kwa miguu utahema. Ukipanda kwa tramu na kuishuka, njia nzima inakwenda na wewe. Wengi wanakosea hapa: wanaanzia bondeni, wanafika juu wamechoka, na mandhari yote wameiacha mgongoni.

Lisbon ni milima, na hakuna njia ya kulikwepa jambo hilo. Hata mkishuka, magoti yanafanya kazi. Yale mawe madogo meupe na meusi yaliyopangwa kwa nakshi yanateleza, hasa baada ya mvua. Ndani ya Alfama kuna ngazi zinazoishia kwenye mlango wa mtu na vichochoro vinavyowarudisha mlikotoka. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Mombasa atatabasamu; mwenye kigari cha mtoto au goti bovu atateseka.

Saa ya machweo

Jambo hili watu hulisahau, kwa kuwa kwetu jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima. Huku mwezi wa safari unabadilisha kila kitu. Mwishoni mwa Juni, jua la Praha linazama kama saa 3 na robo usiku, la Lisbon kama saa 3 na dakika 5, la Roma kabla kidogo ya saa 3. Mnaosubiri magharibi ndipo mtoke, mjue mtatoka wakati watoto wa kwetu wameshalala. Desemba mambo yanageuka: Praha jua linazama saa 10 jioni, Roma saa 10 na dakika 40, Lisbon saa 11 na robo.

Kwa hiyo Praha ya Desemba inawapa jioni ndefu mno, lakini ya baridi inayouma masikio. Hata hivyo ndio wakati wake. Tangu mwaka 2002 mji ulianza kurudisha taa za gesi katika mitaa ya zamani, na katika wiki za kuelekea Krismasi kuna mwashataa anayevuka Karlův most na fimbo yake ndefu akiwasha moja baada ya moja. Tulimfuata nyuma daraja zima bila kusema neno.

Roma inapendeza zaidi baada ya giza kuingia, maana majengo yake yana rangi ya chungwa na asali, na taa zinaizidisha. Lisbon ni mji wa ile nusu saa kabla ya jua kuzama. Lakini angalieni: Portas do Sol, pale watalii wengi wanapokwenda, panatazama mashariki. Machweo yenyewe yako Senhora do Monte au Graça, mnakoliona jua likishuka nyuma ya mji.

Umati

Kuwa mkweli ni bora: hakuna mji kati ya hii mitatu ambao mtakuwa peke yenu. Trevi hujaa mpaka usiku. Karlův most saa 12 jioni ni kama kivuko cha Kigamboni saa za kutoka kazini. Tramu namba 28 ya Lisbon inabeba watu wamebanana, na wezi wa mifukoni wanaijua vizuri kuliko dereva.

Tofauti ni saa umati unapopungua na wapi unaweza kuukimbia. Praha inatulia mapema kuliko mingine. Baada ya saa 5 usiku daraja linabaki na watu wachache na sauti ya maji. Alfama unaukimbia umati kwa kukata kona moja tu. Roma hautulii. Waitalia wenyewe wana desturi ya matembezi ya jioni, passeggiata, na wanatoka familia nzima, babu kwa mjukuu. Wengine wanaona ni kelele. Mimi naona ni baraka, kwa sababu mnatembea katikati ya watu wanaofanya jambo lile lile mlilolijia.

Chakula na fedha

Roma na Lisbon wanatumia euro, Praha wanatumia koruna. Praha toeni fedha kwenye mashine ya benki, msibadilishe kwa mtu wa njiani hata akiwaambia nini. Mkibadilisha dukani na mkagundua mmepunjwa, sheria ya mwaka 2019 inawapa muda wa saa tatu kuirudisha miamala isiyozidi thamani ya euro 1,000. Kwa hiyo shikeni risiti.

Kwa wasiokula nguruwe, Lisbon ndiyo nyepesi: samaki wapo kila kona, bacalhau (samaki wa chumvi) na sadini za kuchoma, na mtaa wa Mouraria, hatua chache kutoka Alfama, una mikahawa ya Wabangladeshi yenye nyama ya halali. Roma kuna mingi ya aina hiyo upande wa Piazza Vittorio, nje ya njia yetu. Katikati ya mji fahamuni kwamba tambi za carbonara na amatriciana zote zina nguruwe, bali cacio e pepe ni tambi, jibini na pilipili manga tu. Praha mtahangaika zaidi. Neno la kukumbuka ni vepřové, nguruwe. Svíčková ni ng'ombe kwenye mchuzi wa mboga na malai, ila ulizeni kwanza, maana wengine huitia mafuta ya nguruwe.

Lisbon mkikaa mezani mtaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si zawadi. Mkivila mtavilipia, msipovitaka mwambieni kwa upole aviondoe. Roma kahawa ya kusimama kaunta ni rahisi kuliko ya kukaa, na maji ni bure: mabomba ya chuma yaitwayo nasoni, yaani "pua kubwa", yapo kama 2,500 mjini na yanatiririka mchana na usiku. Bebeni chupa.

Mazungumzo

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Watu wawili waliozoeana hawahitaji uzuri tu. Wanahitaji kitu cha kuwafungua midomo, kisha mahali pa kukaa midomo ikiwa wazi. Miji hii mitatu inafanya kazi hiyo kwa njia tofauti kabisa.

Roma inawapa vituo. Kila dakika kumi kuna jambo la kulijadili. Pantheon, hekalu la kale lenye kuba ya mita 43 iliyomiminwa zamani za Kaisari Hadrian, lina tundu katikati na mvua inanyesha ndani. Jioni milango imefungwa lakini kukaa mbele ya nguzo zake kunatosha. Ila kituo ninachokipenda ni Piazza Navona, kwenye chemchemi ya mito minne aliyoimaliza mchongaji Bernini mwaka 1651. Mito hiyo ni Danube, Ganges, Río de la Plata na Nile, kila mmoja umechongwa kama mtu. Nile amefunikwa kichwa kwa kitambaa, kwa sababu wakati huo Ulaya haikujua chanzo chake. Waongozaji wengine watawaambia anajiziba asilione kanisa lililo mbele yake, lakini kanisa hilo lilianza kujengwa baada ya sanamu kukamilika. Mume wangu, ambaye mama yake ni wa Bukoba, alisimama pale muda mrefu. Mwaka ule Bernini anamfunika Nile uso, watu wa ukoo wake walikuwa wanachota maji Nyanza kila asubuhi. Mazungumzo yetu yaliyobaki usiku ule yalikuwa juu ya bibi yake.

Pa kukaa Roma ni pachache: viti vya mawe vya Navona, na kingo za Ponte Sant'Angelo mnapoegemea tu. Na sauti ya mji haikomi.

Praha inawapa kimya. Karlův most, lililowekwa jiwe la kwanza mwaka 1357 enzi za mfalme Karel wa Nne, lina urefu wa mita 516 na sanamu 30, na ukilivuka usiku wa manane unasikia nyayo zenu. Upande wa Malá Strana, mtaa ulio chini ya ngome, kuna ngazi zinazoshuka hadi kisiwa cha Kampa. Kuna viti chini ya miti, mto mbele, daraja juu yenu. Sijui mahali pazuri zaidi pa kusema lile jambo mliloliahirisha miezi sita. Mji huu haukubomolewa sana vitani kama miji mingine ya Ulaya ya kati, na ukimya wake unatoka ndani ya kuta za zamani.

Na uwanjani, kwenye mnara wa baraza la mji, ipo saa ya mwaka 1410. Watu wanakusanyika kila saa inapogonga, mpaka saa 5 usiku, kuangalia sanamu za mitume zikipita dirishani. Zikishapita wanaondoka. Ninyi bakini. Tazameni pete ya nje yenye namba za dhahabu za kizamani: inahesabu saa 24 tangu jua kuzama. Saa moja baada ya machweo, mshale unafika kwenye 1, yaani saa moja ya usiku, kama bibi zetu walivyohesabu na kama sisi tunavyohesabu mpaka leo. Kwa kuwa machweo yao yanahama na majira, pete inasogezwa mwaka mzima kuyafuata. Wacheki wa leo hawaitumii tena hesabu hiyo. Mswahili anaweza kuisoma bila kufundishwa, na nilipoielewa nilishika mkono wa mume wangu kwa furaha kama mtoto.

Lisbon inawapa kumbukumbu, na si zote ni tamu. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji, na Alfama ikawa miongoni mwa zilizobaki. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, maji ya moto, mzizi ule ule wa Hamamni ya Unguja. Ukipita mbele ya mikahawa unasoma kwa Kireno mesa, vinho, bandeira, na unasikia meza, mvinyo, bendera. Igreja ni kanisa. Kwetu likawa gereza.

Nasema wazi: siwezi kutembea Lisbon kama mtalii wa kawaida. Vasco da Gama aliondoka hapa mwaka 1497, na Aprili 1498 alikuwa Mombasa na Malindi. Miaka michache baadaye Kilwa ililazimishwa kutoa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ikafuliwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506. Kipo mpaka leo Museu Nacional de Arte Antiga, Custódia de Belém. Tulikwenda kukiona mchana. Ni kazi ya mikono iliyotukuka, na ni dhahabu iliyopita Kilwa. Jioni tulishuka Graça karibu kimya mpaka Portas do Sol, na tulipoanza kuongea hatukunyamaza hadi ngazi za mtoni. Kama mnapenda safari isiyo na uzito wowote, mnaweza kuliacha jumba hilo la makumbusho. Mimi nisingeliacha.

Faida nyingine ya Lisbon ni kwamba milima inawalazimisha kupumzika. Kila kilele kina kiwanja chenye viti na mandhari, miradouro, na watu wanakaa humo kama tunavyokaa barazani. Kisha kuna fado, nyimbo za huzuni za Wareno. Katika nyumba zake ndogo taa hupunguzwa, kila mtu hunyamaza, na mwimbaji anaanza. Aliyelelewa na taarabu atajua la kufanya hata bila kuelewa neno moja.

Nani aende wapi

Wachumba au walio kwenye fungate, ambao bado wanajuana: Roma. Vituo vya karibu karibu havimwachi mtu akikosa la kusema, na hakuna atakayechoka akanuna.

Waliooana miaka mingi na nyumba imejaa watoto, kazi na bili: Praha, ila msilale mapema. Nendeni Novemba au Machi kama bei ya Desemba ni kubwa, vaeni makoti mazito, na daraja mlivuke baada ya saa 5.

Wanaopenda historia ya pwani, au wanaotaka safari iwaguse moyoni: Lisbon, siku mbili angalau, na makumbusho kabla ya matembezi.

Mkiwa na mzazi mtu mzima au mtoto wa kigari: Roma, kwa viatu vya soli nene, au nusu ya chini ya Lisbon kuanzia Praça do Comércio kufuata ukingo wa Tejo kuelekea Cais do Sodré, ambako hakuna mlima. Praha itawezekana mkishuka tramu kituo cha Malostranské náměstí badala ya ngomeni.

Mfuko mwembamba: Lisbon au Praha ni nafuu kuliko Roma kwa kulala. Roma mnaweza kufidia kwa pizza ya kukatiwa kwa uzito na maji ya nasoni, mkala mnatembea.

Mnaosafiri Juni na mmejaliwa stamina: Lisbon usiku wa tarehe 12, mkesha wa Santo António, wakati Alfama nzima inachoma sadini milangoni na kucheza mpaka alfajiri. Si usiku wa kuzungumza, ni wa kushikana mikono msipotezane. Mnaotaka utulivu mwezi huo huo, kimbilieni Praha.

Na kama mna jioni moja tu kati ya ndege mbili, angalieni uwanja wa ndege kabla ya uzuri wa mji. Wa Lisbon uko ndani ya mji, metro inaanzia pale pale, na kwa kubadilisha treni mara moja mnafika Baixa-Chiado. Kutoka hapo ni mtaa mmoja ulionyooka hadi mtoni, na kama ni majira ya joto mtalikuta jua bado liko juu ya maji.